Elimu na Imani: Nyota Hupimwa kwa Mwenzake



Mwanafunzi mmoja ametuuliza swali hili: «Kitabuni tumesoma kwamba nyota fulani ni nzito kuliko jua. Je, ni nani aliyepanda huko akaitia katika mizani?» Wenzake walimcheka. Nasi twasema, swali hili si la kuchekwa. Mabingwa wa elimu ya nyota walilihangaikia kwa miaka mingi sana, na jibu lake ni zuri. Tutalianzia hapa hapa, ufukoni mwa ziwa letu la Kivu.

Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa sambaza huenda ziwani na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, wakiwasha taa ili kuwavuta samaki. Mtu akisimama juu ya mlima wa Bukavu akazitazama taa hizo, zile za karibu ataweza kuzihesabu moja moja. Lakini zile za mbali huonekana kama taa moja tu, kumbe ni mbili. Akiazima darubini, taa ile moja hugawanyika mbele ya macho yake. Tena, pengine taa mbili huonekana kuwa jirani, kumbe mtumbwi mmoja uko karibu, na mwingine uko mbali nyuma yake. Wavuvi wao hawajuani kamwe.

Hali ya nyota ni kama hiyo. Nyota nyingi tuzionazo kuwa moja ni mbili, na pengine ni tatu au zaidi. Nazo ni za namna mbili: kuna zile ambazo hukutana machoni petu tu, na kuna zile ambazo kweli huishi pamoja, zikizungukana bila kuachana. Hizi za pili ndizo tutakazoziita nyota pacha.

Upande huu wa kusini wa mbingu, nyota pacha za kwanza ziligunduliwa na wamisionari. Mwaka wa 1685 Mapadri Wayezuiti kutoka Ufaransa, waliokuwa wakisafiri kwenda Siam, walitua katika Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika yetu. Walikuwa wamechukua darubini pamoja na vitabu vyao vya sala. Walipoutazama ule Msalaba wa Kusini, waliona kwamba nyota ya chini, iliyo mguuni pa Msalaba, si moja bali ni mbili. Miaka minne baadaye, mwezi wa Desemba 1689, Padri Jean Richaud, Myezuiti vilevile, alikuwa Pondicherry nchini India akitazama nyota yenye mkia. Ndipo alipogundua kwamba Alfa Sentauri, ile nyota kubwa iliyo jirani ya Msalaba, nayo ni mbili. Vijana wa Koleji Alfajiri wapate kujua kwamba shirika la walimu wao lina sehemu katika elimu hii tangu zamani.

Lakini kuona siko kupima. Mpimaji wa nyota pacha hutafuta mambo mawili. Kwanza hutafuta mwelekeo: nyota ndogo iko upande gani wa ile kubwa? Pili hutafuta nafasi iliyo kati yao. Kwa kazi hiyo, wazee wetu wa elimu walitia ndani ya darubini nyuzi nyembamba sana, mara nyingi za utando wa buibui, wakazisogeza kwa parafujo mpaka kila uzi ukalala juu ya nyota yake. Nafasi inayopimwa ni ndogo ajabu. Chukua digrii moja, uigawe sehemu 60, kisha kila sehemu uigawe tena mara 60: hiyo ndiyo sekunde moja ya pembe. Ni sawa na upana wa sarafu ya sentimita 2 ikitazamwa kutoka umbali wa kilometa 4! Na zipo nyota pacha zilizokaribiana kuliko hapo.

Sasa, je, tutajuaje kama nyota mbili ni pacha kweli, au zimekutana machoni tu kama zile taa za wavuvi wasiojuana? Huko Mannheim, katika Ujerumani, Padri Christian Mayer, naye Myezuiti, alisema kati ya miaka ya 1777 na 1779 kwamba nyota ndogo alizoziona karibu na zile kubwa ni wenzi wa kweli. Wataalamu kadhaa walimpinga na kumdharau. Hoja zake hazikuwa zote sahihi, lakini wazo lake lilikuwa jema. Alikufa mwaka wa 1783 pasipo kupata sifa yake.

Wakati ule ule huko Uingereza, William Herschel alikuwa akiandika vipimo vya nyota za namna hiyo. Yeye hakutafuta wenzi. Alidhani kwamba nyingi zimekutana machoni tu, akataka kuzitumia kupima umbali wa nyota. Hata hivyo aliandika kwa uaminifu yote aliyoyaona. Baada ya miaka kama 20 alizipima tena, akalinganisha daftari la kale na lile jipya. Kumbe! Nyota zilikuwa zimegeuka mahali pao, moja ikiizunguka nyingine. Mwaka wa 1803 alitangaza habari hiyo. Basi daftari lake lilishuhudia kinyume cha alivyodhani mwenyewe, naye akalikubali. Kama angalisahihisha namba zake ili zipatane na wazo lake, tungaliukosa ukweli huo mikononi mwake.

Hapo ndipo mizani ya yule mwanafunzi ilipopatikana. Nyota mbili zinazozungukana huvutana. Zikiwa nzito, huvutana kwa nguvu na kuzunguka upesi. Zikiwa nyepesi, huzunguka polepole. Johannes Kepler alitangaza kanuni ya mwendo huo kwa sayari za jua mwaka wa 1619, naye Isaac Newton akaeleza sababu yake mwaka wa 1687. Anayetaka kupima aupime umbali wa kadiri ulio kati ya nyota mbili, akihesabu umbali wa dunia na jua, yaani kilometa milioni 150, kuwa ni 1. Umbali huo auzidishe wenyewe kwa wenyewe mara tatu. Kisha ahesabu miaka ya mzunguko mmoja, aizidishe yenyewe kwa yenyewe mara mbili. Hesabu ya kwanza aigawe kwa hesabu ya pili, naye atapata uzito wa nyota zote mbili pamoja, jua likiwa ndilo jiwe la mizani.

Tufanye hesabu hiyo kwa Alfa Sentauri. Umbali wa nyota hizo kutoka kwetu ulipimwa na Thomas Henderson huko Rasi ya Tumaini Jema, katika miaka ya 1832 na 1833. Leo twajua kwamba nuru yake husafiri miaka 4 na miezi kama 4 kabla ya kutufikia. Kwa kuujua umbali huo, zile sekunde za pembe hugeuzwa kuwa kilometa. Umbali wa kadiri kati ya nyota hizo mbili ni 23.4. Mzunguko mmoja ni miaka 80 hivi. Wanafunzi, chukueni kalamu: 23.4 mara 23.4 mara 23.4 ni kama 12,800. Na 80 mara 80 ni 6,400. Gawanyeni: mwapata 2. Nyota hizo mbili pamoja zina uzito wa majua mawili!

Na kila moja peke yake? Mtazameni mama anapomshika mtoto mikono yote miwili na kumzungusha uani. Mtoto hukimbia duara kubwa, na mama, aliye mzito, hukanyaga duara dogo. Lakini hata yeye hasimami pale pale. Hivyo, kwa kulinganisha madaraja ya duara hizo, wataalamu wamejua kwamba moja ya nyota hizo ina uzito wa jua na zaidi kidogo, kama 1.1, na mwenzake kama 0.9. Hakuna njia iliyo ya hakika kuliko hii ya kuujua uzito wa nyota. Nyota iliyo peke yake, isiyo na mwenzake wala chochote kinachoizunguka, hukadiriwa tu kwa kufananishwa na zile zilizokwisha kupimwa.

Kazi hii iliendelea sana barani Afrika. Shemasi Nicolas-Louis de Lacaille, Mfaransa, alipima mahali pa nyota mbili za Alfa Sentauri akiwa Rasini mwaka wa 1752. Baadaye huko Johannesburg, Robert Innes, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiuza divai mjini Sydney, aligundua nyota pacha nyingi sana. Na mwaka wa 1915 akagundua nyota ndogo ya tatu, Proxima, iliyo jirani yetu kuliko nyota zote isipokuwa jua. W. H. van den Bos, Mholanzi, alifika huko mwaka wa 1925, akaongeza nyota pacha karibu 3000.

Adui wa wapimaji hao wote alikuwa hewa. Mtazame changarawe chini ya maji ya ziwa: maji yakitulia, waiona wazi, upepo ukivuma, yatetemeka na kuvurugika. Nasi twakaa chini ya bahari ya hewa isiyotulia, kwa hiyo nyota mbili zilizokaribiana sana huonekana kama doa moja linalocheza. Mwaka wa 1970 Antoine Labeyrie, Mfaransa, alionyesha dawa ya jambo hilo. Darubini kubwa hupiga picha nyingi mno, kila moja kwa muda mfupi sana, kama sehemu ya hamsini ya sekunde, hata hewa isipate nafasi ya kuivuruga. Halafu picha hizo zote hulinganishwa kwa hesabu, na alama ya nyota mbili hujitokeza. Leo, juu ya mlima wa Paranal nchini Chile, darubini 4, kila moja ikiwa na kioo cha upana wa metres 8.2, huweza kuunganisha nuru zao na kufanya kazi kama jicho moja kubwa. Hupambanua sehemu za elfu za ile sekunde ya pembe.

Hata hivyo, darubini yenye nguvu haiwezi kuharakisha miaka. Picha moja, hata ikiwa safi namna gani, haionyeshi mzunguko. Mzunguko wa Alfa Sentauri ni kama umri wa mzee. Nyota hizo zilikaribiana kabisa mwaka wa 1955, nazo zitakaribiana tena namna hiyo mwaka wa 2035. Bibi aliyebatizwa mwaka ule wa 1955 atakuwa ametimiza miaka 80. Tangu Lacaille hata sasa zimezunguka mara tatu na zaidi, wala hakuna mtu mmoja aliyezipima katika mizunguko yote hiyo. Kila mmoja aliandika ukurasa wake, akamwachia mwingine daftari. Haba na haba hujaza kibaba. Na hapa aliyeweka haba ya kwanza hakukiona kibaba kikijaa.

Ndiyo maana twapenda kuwapa habari hii ninyi wazazi na wanafunzi wa Bukavu. Mji wetu umepata usiku mwingi wa hofu katika miaka hii thelathini, na wengi huuliza: kuna faida gani kuanza kazi ambayo pengine sitaimaliza? Mwalimu asahihishaye madaftari kwa taa ndogo, katekista afundishaye watoto ambao kesho huenda wakahama, mama aandikaye siku ya kuzaliwa kwa kila mtoto wake: hao wote wanaandika katika daftari litakaloendelezwa na mwingine. Linalotakiwa kwao ni kuandika kweli. Namba moja ya uongo huwapoteza watu wa vizazi vitatu. Namba ya kweli huwasaidia, hata kama mwandishi wake amesahauliwa.

Tena tusisahau fundisho la mizani yenyewe. Mtu akikaa peke yake aweza kujidhania mzito kama apendavyo. Uzito wake wa kweli huonekana kwa wale anaoishi nao: jinsi anavyowavuta, na jinsi naye anavyokubali kusogea kwa ajili yao.

Basi, mwezi wa Juni, mvua zikiisha, tokeni nje saa tatu usiku. Liachieni ziwa mgongo, mwelekee kusini, upande wa Ruzizi na Uvira. Nyosheni mkono, mhesabu ngumi tatu juu ya upeo wa macho. Hapo mtaikuta Alfa Sentauri iking'aa, na Msalaba wa Kusini kuumeni kwake, umeanza kuinama. Kwa macho mtaona nyota moja. Sasa mwajua kwamba ni mbili. Shule iliyo na darubini ndogo, yenye kioo cha sentimita 10, yaweza kuzitenganisha siku hizi. Andikeni tarehe, saa, na mlichokiona, wala msiandike msichokiona. Kisha mlitunze daftari, maana yuko mtoto ambaye hajazaliwa bado atakayelihitaji.