Wembe Si Dawa ya Magaga

Vijana wanaopita mitaa ya Dar es Salaam na vikapu vya rangi za kucha hubeba pia jiwe la kusugulia, na baadhi yao wembe. Mteja hukaa kibarazani, miguu kwenye beseni la maji ya sabuni, kisigino kinakwanguliwa mpaka kinang'aa. Haupiti muda mrefu, magaga yamerudi, tena yamekomaa.

Si ajabu. Ngozi huwa nene pale inapokandamizwa au kusuguliwa. Ndivyo mwili unavyojikinga. Mkulima huota sugu viganjani kwa sababu ya mpini, na anayeshinda amesimama na ndala zilizolika huzipata kisiginoni. Ukiikata sugu na kuiacha ndala ileile, mwili utaijenga upya. Nyayo nazo hazina tezi za mafuta, zina za jasho tu. Kwa hiyo hukauka haraka, na ngozi nene iliyokauka hupasuka uzito unapoilemea.

Tiba yake ni rahisi, ila inachosha kwa kuwa haitaki kurukwa siku: miguu ilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, isuguliwe taratibu, kisha ipakwe mafuta ya mgando ikiwa bado na unyevu, na mtu alale na soksi. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, huyazuia tu yasitoke, ndiyo maana kuyapaka juu ya kisigino kikavu hakusaidii sana. Yakishindwa, kuna krimu za yurea. Zenye asilimia 10 hadi 25 hulainisha hata ngozi ngumu.

Wala si kila unene ni magaga. Ngozi yenye ungaunga inayosambaa hadi katikati ya vidole huenda ni fangasi, na jiwe linalohama mguu hadi mguu linaweza kuwagawia wateja wote. Mtu mwenye viganja na nyayo nene tangu utotoni huenda amerithi. Huyo ni wa daktari wa ngozi.

Kwa mwenye kisukari, wembe ni hatari kabisa. Mishipa ya fahamu ikishakufa ganzi, anaweza kukatwa asisikie, na sugu yenyewe inaweza kuficha kidonda chini yake. Hata dawa za kuchoma sugu zenye asidi ya salisili asijipake bila ushauri wa daktari. Kliniki inayompima sukari na kumwandikia vidonge bila kumvua viatu na kumtazama nyayo imefanya nusu ya kazi.