Kikulacho Ki Darini Mwako

Sisi watu wa Pwani tunapotaka kununua nyumba huwa na hadhari kubwa juu ya karatasi. Twamtafuta wakili, twapekua daftari la ardhi, twauliza warithi ni wangapi na kama wote wameridhia. Hayo ni mambo mema, na aliyepata kuburutwa mahakamani kwa ajili ya kiwanja anajua sababu yake. Lakini nyumba yenyewe, ile watakayolala watoto, twaitazama kama wageni wa karamu. Twaingia sebuleni, twasifu rangi na upepo wa bahari, tukaaga. Hakuna apandaye darini wala agongaye boriti. Kwa maoni yangu ada hii ni ya hatari, na yafaa tuiache.

Tazama wenzetu wa Brisbane, kule Australia, mji uliopitiwa na mto wenye majumba ya matajiri kandokando yake. Kwao mkataba wa kununua nyumba huwekewa sharti la ukaguzi wa jengo na wadudu. Mnunuzi hupewa siku chache za kumleta mkaguzi wake, naye huja na ngazi, tochi, bisibisi na kipimo cha unyevu. Hutambaa chini ya sakafu, hupanda juu ya dari, kisha huandika aliyoyaona. Ikizuka kasoro kubwa, mnunuzi aweza kujitoa. Watu hao wana joto, wana mvua, wana mchwa, na mto wao ulifurika vibaya mwaka 2011 na tena mwaka 2022. Je, sisi tunaokaa kando ya mikono ya bahari ya Tudor na Mtwapa tumesalimika na nini? Joto tunalo, masika tunayo, mchwa tunao, na juu ya hayo tumeongezewa chumvi.

Mchwa, ndugu msomaji, ni mgeni asiyebisha hodi. Yule wa ardhini hukimbia mwanga na hewa kavu, kwa hiyo hujijengea vijia vya udongo ukutani mpaka aufikie ubao. Akishaufikia huula kwa ndani na kuliacha ganda la nje likiwa zima, hata rangi isipasuke. Yuko na mwingine asiyehitaji udongo kabisa. Huyu huishi ndani ya ubao mkavu, na dalili yake ni vitonge vidogo mfano wa mchanga chini ya mlango au kabati. Dumuzi naye huacha matundu ya duara na unga laini. Ukikuta mabawa mengi ya kumbikumbi dirishani baada ya mvua, usiyafagie na kusahau. Huenda kichuguu kiko karibu kuliko unavyodhani.

Wapo wasemao kuwa hayo ni ya nyumba za zamani, na kwamba majumba ya Nyali ni ya zege. Tangu daraja jipya lifunguliwe mwaka 1980 ng'ambo ile imejaa majumba ya fahari, hilo ni kweli. Lakini zege lina nondo, na nondo huliwa na chumvi. Fundi aliyetumia mchanga wa bahari bila kuuosha amekwisha kupanda maradhi ndani ya nguzo. Nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba hupasua zege. Ufa hujazwa saruji, ukapakwa rangi, na mnunuzi akaonyeshwa bustani. Aidha paa la jumba hilo hilo limesimama juu ya mbao, na kabati zake za jikoni ni za mbao, na mchwa hajali thamani ya kiwanja.

Ama nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa na za Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hizo zina elimu yake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari ni boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba, ndiyo maana ni virefu na vyembamba. Boriti njema huvumilia miaka mingi ikiwa kavu. Maradhi yake huanza katika ncha iliyofukiwa ukutani, pale unyevu unapokaa na jicho lisipofika. Nao ukuta wa chokaa hupumua. Ukipigwa lipu ya saruji, maji hufungika ndani na chumvi hukusanyika, zikaozesha ncha za boriti kimyakimya. Hivyo ukuta uliosafishwa kwa saruji ili umpendeze mnunuzi waweza kuwa ndio ulio mgonjwa zaidi.

Katika nyumba moja niliyopata kuitazama, rangi ilikuwa bado yanukia. Nilipobonyeza mwimo wa mlango kidole kilizama. Mwenye nyumba alisema, "Hilo ni jambo dogo."

Si jambo dogo, na kwetu sisi Waislamu halikuachwa bila ya hukumu. Ni mashuhuri kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika fungu la nafaka na vidole vyake vikakuta umajimaji. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Na akaonywa kuwa adanganyaye si katika sisi. Nami nauliza: nafaka iliyolowa na ukuta uliolowa vina tofauti gani? Fiqhi ya biashara humpa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akikuta aibu iliyofichwa. Lakini ni nani aliyeweza kuirudisha nyumba kwa wepesi, hali fedha zimekwisha kugawanywa kwa warithi?

Najua pingamizi lake. Wengi wetu huuziana sisi kwa sisi, na kumleta mkaguzi kwaonekana kama kumshuku mtu mzima. Mbona kabla ya posa twauliza habari za kijana mpaka kwa majirani zake, na hakuna anayekasirika? Pingamizi la pili ni gharama. Mwenye kuweka akiba miaka 20 Uarabuni ili awanunulie wazee wake nyumba, gharama ya siku moja ya fundi haimfilisi. Kinachomfilisi ni kubadilisha paa zima mwaka wa kwanza.

Basi tufanye hivi. Nyumba itazamwe na fundi stadi, kwa nyumba kuukuu awe ajuaye chokaa na boriti, na kwa zege awe mhandisi. Asiwe rafiki wa dalali, wala asiwe muuza dawa ya mchwa, kwani huyo hakosi kuwaona. Aandike alichokiona na mahali asipoweza kufika. Aulizwe na dawa zilizopigwa zamani, kwa kuwa sumu kama dieldrin, zilizotiwa mbaoni na ardhini kwa ajili ya mchwa, ziliwekwa katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa ubaya wake. Na mwenye subira aitazame nyumba mwezi wa Mei, mvua ikinyesha, maana kaskazi huficha mengi.

Mawakili nao waandike sharti la ukaguzi katika kila mkataba, ili lisionekane kuwa tusi la mnunuzi mmoja. Naye muuzaji mwema atangulie kusema kabla hajaulizwa. Bei huenda ikapungua kidogo, lakini atakula fedha iliyo halali, na wala hatapishana na jirani yake msikitini akitazama chini.