Diski ikijaa, sauti za watu zisifutwe kwanza

Kompyuta ya redio ikisema nafasi imekwisha, wengi hukimbilia kufuta faili kubwa. Faili hizo ni sauti: mama anayetafuta mtoto aliyepotea njiani, mzee anayetaja kijiji alichokimbia. Hilo si haki. Nafasi ikipotea kwa siku moja, si sauti za mwaka jana zilizoimeza.

Kitazamwe kwanza kikapu cha takataka: kilichofutwa hukaa humo mpaka kikapu kimwagwe. Kisha folda ya Windows.old, masalio ya Windows iliyobadilishwa. Hula gigabaiti nyingi. Kisha programu ya kurekodi: umeme ukikatika kazi ikiendelea, faili za muda zinaweza kubaki. Kazi iokolewe, ndipo zifutwe.

Sauti nazo zinaweza kupunguzwa bila kupotezwa. Saa moja ya WAV yenye ubora wa CD ni karibu megabaiti 600. Kwa MP3 ya kilobiti 128 ni karibu 60. Nakala nyingine iwekwe kwenye diski ya nje.

Programu iliyofutwa hupatikana tena. Sauti ya mzee aliyefia kambini haipatikani, na kwa jamaa iliyokimbia mikono mitupu, huenda ndiyo urithi pekee.