Karo ya Toi: Daftari Analo Nani?

Ikiwa hujawahi kuingia Soko la Toi asubuhi ya Jumamosi, basi kuna Nairobi ambayo hujaionja. Ukishuka Adams Arcade kwenye Barabara ya Ngong huna haja ya kuuliza njia, fuata watu tu. Marobota yanafunguliwa, wateja wanagombania "kamera", yaani ile mitumba bora kabla mikono ya wengine haijaifikia, na wasukuma mikokoteni wanakupigia kelele upishe. Wengine wametoka Kibera hapo nyuma, wengine wametembea kutoka Kawangware. Mimi huenda huko kutafuta viatu. Mshahara wa mwandishi wa gazeti sote twaujua.

Mama anayeniuzia viatu nimemzoea kwa miaka kadhaa. Yeye huniita "mwanangu", nami humwita "mama", na bei yake haipungui kwa sababu hiyo. Majuzi nilimkuta amenuna, na karibu naye, juu ya rundo la raba, ameketi bintiye wa Gredi ya 6 akiwa na sare ya shule siku ambayo si ya shule. Nilipouliza, mama akavuta daftari dogo kutoka chini ya turubai. Ndani yake ameandika kila kitu alicholipa tangu Januari: Sh250 wiki hii, Sh100 wiki ile, Sh150 ya kujazia. Mtoto alifukuzwa Jumatatu kwa deni la Sh1,500. Daftari la mama linasema hadaiwi. Daftari la shule linasema anadaiwa. Risiti? Hakuna hata moja.

Shule yenyewe ni ya mabati, huko ndani Kibera. Jina lake nitaliacha, kwa maana zipo nyingi kama hiyo na kosa si la moja.

Nikamuuliza mama kama kuna kamati ya wazazi. Akacheka, akasema mwenye shule ndiye kamati, ndiye mweka hazina, na kukinyesha ndiye fundi wa paa.

Sasa wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, chukua kalamu. Sh250 kwa wiki, kwa wiki 39 za masomo, ni Sh9,750 kwa mwaka. Shule hiyo ina watoto kama 180. Wote wakilipa, hiyo ni Sh1,755,000. Tuseme kuna walimu 8 na kila mmoja anapata Sh9,000 kwa mwezi: hapo imeondoka Sh864,000. Kodi ya kiwanja, tuseme Sh15,000 kwa mwezi, ni Sh180,000. Zinabaki Sh711,000 za uji, chaki, vitabu na mapengo ya wale wasiolipa. Huenda wasiolipa ni nusu. Huenda mwenye shule analala njaa ili watoto wasome, na wapo wa namna hiyo, nimewaona. Simwiti mtu mwizi. Ninachosema ni kwamba hesabu hii nimeifanya mimi hapa mezani kwa kukisia, na wazazi 180 wanaotoa pesa hizo hawajawahi kuifanya, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha ukurasa.

Utaniuliza, kwa nini mama huyu asimpeleke mtoto shule ya serikali, ambako elimu ya msingi haina karo? Swali zuri, nalo lina historia yake.

Tangu mwaka wa 1988, serikali ilipoleta ule mpango wa kugawana gharama na wazazi, shule ya umma ilikuwa na karo zake za chinichini: pesa za jengo, za shughuli, za mtihani. Watoto wengi wa mitaa ya mabanda walibaki nje. Januari 2003, serikali mpya ya Mwai Kibaki ikafungua milango. Kila mtoto alitengewa Sh1,020 kwa mwaka, na pesa hizo ziliingia benki katika akaunti mbili za shule: Sh650 za vitabu na vifaa vya kufundishia, Sh370 za matumizi mengine. Milango ilipofunguliwa watu waliingia kama mafuriko. Shule ya Olympic, hapo ukingoni mwa Kibera, ilikuwa imejijengea jina kwa matokeo ya KCPE, na kila mzazi alitaka mwanawe awe pale. Madarasa yakafurika. Januari 2005 hata Gordon Brown, wakati huo waziri wa fedha wa Uingereza, alikuja Olympic kujionea elimu ya bure.

Hata hivyo wako wazazi ambao hawakuhama, na wengine waliohama kisha wakarudi. Mtafiti Mwingereza James Tooley na wenzake, waliopita vichochoro vya Kibera baada ya mpango huo kuanza, walihesabu shule 76 za watu binafsi zenye wanafunzi zaidi ya 12,000, huku za serikali zilizozunguka Kibera zikiwa 5 tu. Ungetarajia elimu ya bure izifunge zile za kulipia. Baadhi zilifungwa kweli, lakini nyingi zilibaki. Mama wa viatu ana maelezo yake: shule ya mabati iko mlango wa pili, mwalimu anamjua mtoto kwa jina, na karo analipa kidogo kidogo jinsi biashara inavyokwenda. Huko kwa serikali, asema, mtoto anaweza kukaa nyuma ya darasa muhula mzima bila kuulizwa swali. Kuna la kumjibu? Mimi sikupata.

Tena usidhani za serikali zilikuwa zimepona ugonjwa wa hesabu. Mwaka wa 2009 ukaguzi ulifichua kuwa mamilioni ya pesa za elimu ya bure yalikuwa yameliwa katika wizara. Desemba mwaka huo Uingereza ikasimamisha msaada wake, Brown huyohuyo akiwa Waziri Mkuu, na Januari 2010 Marekani ikafuata. Waliokula hawakukaa madawati ya Olympic. Waliokaa ni wale watoto waliomwimbia mgeni nyimbo.

Baada ya hapo sheria ilikazwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inataka kila shule ya umma iwe na Halmashauri ya Usimamizi yenye viti 6 vya wawakilishi wa wazazi wanaochaguliwa. Kuna pia Chama cha Wazazi ambacho kila mzazi ni mwanachama, apende asipende. Kwa maneno mengine, mzazi wa shule ya serikali ana haki ya kuuliza pesa zimekwenda wapi na kujibiwa. Lakini mkutano huitwa lini? Jumatano, saa tatu asubuhi. Huo ndio wakati mama wa Toi anafungua robota! Anayehudhuria ni yule mwenye nafasi, naye ndiye anayechaguliwa, na mwaka unaofuata ni yeye tena.

Na kiasi chenyewe hakifurahishi. Ile Sh1,020 ilipandishwa baadaye hadi Sh1,420. Igawe kwa siku 195 za masomo, utapata kama Sh7 kwa siku, pesa ambazo hazinunui andazi hapa Toi. Kweli, mishahara ya walimu walioajiriwa na TSC hulipwa kando, na tangu 2018 serikali yenyewe ndiyo inayonunua vitabu na kuvipeleka shuleni. Lakini hata hizo Sh7 hazifiki zote. Ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu uliotoka mwaka wa 2025 ulionyesha kwamba katika miaka minne ya fedha shule za umma zilipewa pungufu ya walivyostahili wanafunzi kwa zaidi ya Sh100 bilioni. Ndiposa mwalimu mkuu anakutumia ujumbe wa rimu ya karatasi.

Mtoto wa shule ya mabati hana hata hilo pungufu la kulalamikia. Mama wa viatu analipa karibu mara saba ya Sh1,420, na bado yeye ni mlipa kodi kama mwingine. Chakula cha Dishi na County, ambacho Kaunti ya Nairobi ilianzisha mwaka wa 2023 kwa mchango wa Sh5 kutoka kwa mzazi, ni cha shule za umma. Fungu la sekondari msingi, Sh15,042 kwa mwanafunzi tangu Januari 2023, ni la shule za umma. Na usalama je? Septemba 23, 2019, darasa la shule ya Precious Talent huko Dagoretti, si mbali na Kawangware, liliporomoka asubuhi watoto wakiwa ndani. Saba walikufa siku hiyo. Wakaguzi walikuja kwa wingi baadaye, kama ilivyo desturi yetu.

Lakini kuna jambo moja Toi ambalo lilinishangaza kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike. Wafanyabiashara wa soko hili ni mafundi wa hesabu ndogondogo. Wamekuwa na vikundi vya akiba ya kila siku chini ya Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu lililoanza mwaka wa 1996. Mkusanyaji hupita kibanda kwa kibanda. Unampa Sh50, anaandika katika daftari la kikundi, anaandika katika daftari lako, anatia sahihi, anaondoka. Madaftari mawili, sahihi moja. Soko lilipobomolewa na kuteketezwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu hawa walirudi wakajenga upya. Limeshika moto tena baada ya hapo, nao wakajenga tena. Mama wa viatu hawezi kumwachia mkusanyaji Sh50 bila sahihi. Angemfuata hadi Makina! Lakini shuleni hutoa karibu Sh10,000 kwa mwaka na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo. Kisha akasema kuwa mwalimu ni mwalimu, humdai mwalimu sahihi. Heshima hiyo naifahamu, nimelelewa nayo. Ila hapa naona imekwenda mrama. Anayeshika pesa za watu 180 ameingia kazi nyingine, na kazi hiyo ina daftari lake. Hata mwenye shule mwaminifu angelala vizuri zaidi kama kila mzazi angekuwa na ukurasa wenye sahihi, kwa sababu siku ya ubishi hatasimama peke yake.

Wiki iliyofuata nilipita tena, safari hii bila haja ya viatu. Mama alikuwa amekwenda shuleni Jumapili alasiri pamoja na wazazi wengine wanne wa sokoni, kila mmoja na daftari lake. Waliketi na mwenye shule wakalinganisha ukurasa kwa ukurasa. Katika zile Sh1,500, Sh900 zilikuwa zimeandikwa kwa jina la mtoto mwingine, na Sh600 zilikuwa deni la kweli ambalo mama alikuwa amelisahau. Alililipa palepale, na mwenye shule akatia sahihi katika madaftari yote mawili. Aliwaomba pia wasiwaambie wazazi wote kwa siku moja, maana ana mwandishi mmoja tu wa kuandika.

Binti amerudi darasani. Lililobaki ni la mwakani: shule hiyo inaishia Gredi ya 6, na mama hajui bado kama atatafuta sekondari msingi ya serikali au nyingine ya mabati. Ameniambia kwamba popote atakapokwenda kuuliza nafasi, swali la kwanza halitakuwa karo ni kiasi gani. Atauliza daftari analo nani.