Ufa Huu Utasemwa kwa Lugha Gani?

Mwaka wa 2017, Emma Miloyo alichaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wasanifu majengo nchini Kenya, miaka 50 tangu kiasisiwe. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, mlango mmoja ungali umefungwa, nao ni lugha. Ramani na mikataba huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mafundi na vibarua huelewana kwa Kiswahili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, kibarua auonaye ufa ataueleza kwa lugha gani? Kiongozi asiyeelewana na wachanganya saruji, awe mwanamume au mwanamke, hajawajumuisha. Wanakiswahili wenzangu, istilahi za ujenzi ni jukumu letu. Tuzikusanye vinywani mwa mafundi, tusiwabunie maktabani.