Yule joka ameshafungwa au bado?

Ndugu mwandishi, katika makala yako umeikimbilia Ufunuo 20 ukairuka sura ya 12, na huko ndiko kwenye utamu. Malaika Mikaeli anapigana na joka, yaani Shetani, sawa, lakini mstari wa 11 unawapa ushindi waumini: kwa damu ya Mwanakondoo na ushuhuda wao, hata kufa. Upanga wao hautajwi popote. Na ile miaka 1,000 ya kufungwa kwake katika sura ya 20? Augustino wa Hippo aliiona kuwa ni kipindi cha Kanisa, Shetani akiwa amefungwa tangu Kristo alipokuja. Irenei kabla yake aliungoja utawala halisi hapa duniani. Hilo ungeligusia. Nao wahubiri wa mikesha wanaomfunga Shetani kila Ijumaa (Jumamosi anafunguliwa na nani?) wangeanza na Luka 10:18, Yesu anaposema alimwona akianguka.