Mwacheni kijana acheze mchawi

Wazazi wamenifuata kibandani kwangu hapa Kumsenga, ninapotengeneza simu na kuchezesha gemu jioni umeme ukiwapo. Shutuma yao ni moja: nawafundisha vijana wao uchawi.

Gemu linalowaudhi ni Fable, la Uingereza, la mwaka 2004. Ndani yake mchezaji huchagua mwenyewe kuwa mwema au mwovu, na vijana wengi hukimbilia uovu. Lakini ngoja uone. Akishaua na kuiba sana, mhusika wake huota pembe, nzi humzonga, na akiingia kijijini watu hutimua mbio. Kijana aliyekuwa anacheka huanza kulalamika: "Kaka, huyu mama ananikimbia nini? Sijamfanya kitu!"

Swali hilo, la mtu anayeogopwa na kukimbiwa, nalitaka sana, hasa kwetu Kigoma. Kamchape, wengine huwaita Lambalamba, wamezunguka vijiji vya mkoa huu wakidai kufichua wachawi. Anayenyooshewa kidole mara nyingi ni kikongwe asiye na wa kumtetea. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na kumzushia mtu uchawi ni kosa, ila umati ukishajaa uani kwa mtu nani anaikumbuka? Na mbele ya umati huwa ni vijana, kila mmoja akijiona shujaa.

Kwa hiyo gemu linalonitisha mimi ni lile la shujaa mtupu, ambamo adui hana jina wala kauli, unamuua unapata pointi. Afadhali Dungeon Keeper ya 1997: wewe ndiye bwana wa shimo na mazimwi yake, na hao mashujaa wenye panga ndio wanaokuvamia. Bibi zetu Waha hawakuogopa kukaa upande wa zimwi. Wakisimulia hadithi jikoni, sauti ya zimwi waliitoa wenyewe, nene, yenye njaa, nasi tukaelewa kuwa hata zimwi lina njaa.

Watoto wa shule ya msingi siwaruhusu kucheza Fable. Ina damu, na mzazi anayelalamikia hilo ana haki. Ila wa sekondari, mzazi mwenzangu, usije kumvuta sikio mbele ya wenzake. Keti naye kwenye benchi, muulize kwa nini amechagua upande ule na wanakijiji wamemfanyaje. Nafungua saa kumi jioni.